Asubuhi moja gulioni Tengeru: Kipimo ndicho kinachopanga bei

Na Mwandishi Wetu, Arusha

NI saa 12:15 asubuhi ya Jumamosi. Kilele cha Mlima Meru kimeanza kupata mwanga, lakini huku chini barabarani bado kuna ukungu. Daladala niliyopanda kutoka mjini Arusha imejaa akina mama waliokalia viti wakiwa na vikapu vitupu mapajani. Wote tunakwenda mahali pamoja: gulio la Tengeru, wilayani Arumeru, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, umbali wa kilomita zipatazo 13 kutoka katikati ya jiji.

Mkobani nina Sh30,000 na karatasi yenye orodha fupi: ndizi za kupika, viazi, nyanya, maharage, mboga za majani na parachichi. Kwa wiki kadhaa sasa, kiasi hicho hicho cha fedha, kikitumika katika vibanda vya jirani na nyumbani, kimekuwa kikiisha kabla Alhamisi haijafika. Majirani wamekuwa wakisema kwamba anayeamka mapema na kumfuata mkulima mwenyewe hula wiki nzima kwa fedha ile ile. Safari yangu ilikuwa ya kulithibitisha hilo na, kama ni kweli, kufahamu sababu yake.

Jibu nililorudi nalo mchana halikuwa jepesi kama nilivyotarajia. Bei nafuu ipo. Hata hivyo, nani anayeifaidi, mkulima, mchuuzi au mlaji, ni jambo linaloamuliwa zaidi na chombo cha kupimia kuliko ufundi wa kupatana bei.

Gulio na saa zake

Tengeru ni gulio la siku mbili kwa wiki, yaani Jumatano na Jumamosi. Siku hizo wakulima hushuka kutoka vijiji vya miteremko ya Mlima Meru wakiwa na ndizi, parachichi, mboga na viazi. Nyanya nyingi hutoka upande mkavu wa mlima, hasa Ngarenanyuki, ambako hulimwa kwa umwagiliaji. Vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, na mchele wa Magugu, mkoani Manyara, navyo vina sifa yake katika masoko ya ukanda huu.

Mgeni akiingia sokoni huona umati mmoja tu wa wauzaji. Kumbe ni makundi mawili. Lipo kundi la wakulima wanaouza walichokivuna wenyewe, ambao kwa kawaida huwa na aina moja au mbili tu za mazao, tena kwa kiasi kidogo. Lipo pia kundi la wachuuzi, ambao hununua kwa wakulima hao alfajiri na kuuza papo hapo kwa faida, au hupeleka mzigo Arusha mjini katika masoko kama Kilombero. Meza yenye karoti, hoho, vitunguu, ndimu na tangawizi kwa pamoja ni nadra kuwa ya mkulima. Shamba moja halitoi vyote hivyo kwa siku moja.

Tofauti hiyo ina maana kwa mnunuzi, kwa sababu makundi haya mawili hayaendi na saa moja. Mkulima wa mchicha hana ghala. Mboga aliyoikata jana jioni itakuwa imenyauka ifikapo saa 8:00 mchana, na nauli ya kurudi nyumbani inamsubiri. Mchuuzi wa vitunguu, kwa upande wake, anaweza kufunika mzigo wake na kuusubiri mnada wa Jumatano.

Kutokana na hali hiyo, siku ya gulio ina bei tatu. Kuanzia alfajiri hadi saa 1:30 hivi, wanunuzi wa jumla wenye magari hushindana, na bei huwa ngumu ingawa bidhaa ni bora. Kati ya saa 2:00 na saa 5:00 ushindani hupungua, bidhaa bado ni nzuri, na mkulima yuko tayari kusikiliza. Baada ya saa 7:00 bei za mboga huporomoka, lakini anayenunua hununua pia kazi ya kuchambua majani yaliyokwisha kulegea. Mvua ikinyesha, hatua hizo tatu hubanana, kwani wauzaji wasio na paa hutaka kuondoka mapema.

Somo la ndizi

Kituo changu cha kwanza ni kwa mama mmoja wa makamo aliyepanga mikungu yake juu ya majani makavu ya mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndizi. Unapika nini leo?"

Swali hilo ndilo linalomtofautisha mkulima na muuzaji wa kawaida. Kwake ndizi si bidhaa moja. Anayetaka mtori huelekezwa kwenye mshare, ambayo hulainika vizuri na kuvurugika. Anayetaka za kukaanga au kuchoma hupewa mzuzu. Za kuiva na kuliwa kama tunda ziko pembeni, kisukari zikiwa ndogo na nene.

Nilipotaka kuchukua chane niliyoiona ya kijani kibichi sana, mama yule aliirudisha chini. Alinionyesha kwamba ndizi yake ilikuwa bado na pembe kali, dalili ya mkungu uliokatwa kabla ya wakati. Ndizi iliyokomaa hujaa na kuviringika, pembe zake zikapungua. Nilimuuliza kwa nini basi aliukata mkungu mchanga. Alijibu kwa ufupi kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Maelezo hayo mafupi yanatosha kueleza sehemu kubwa ya bei za gulioni. Mkulima mdogo mara nyingi huuza kwa kalenda ya mahitaji, si kwa kalenda ya mavuno. Ada, sare, matibabu na mchango wa msiba havisubiri ndizi ikomae. Anayefika na fedha taslimu siku hiyo ndiye mwenye sauti kubwa zaidi katika kupatana.

Kutoka kibaba hadi sado

Utamaduni wa kupima kwa ujazo badala ya uzito ni wa kale katika nchi zetu. Kabla ya kilo, masoko ya pwani na njia za misafara yalitumia kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili vilifanya pishi moja. Kwa mizigo mikubwa ilitumika frasila, iliyokaribia kilo 16. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba ilizaliwa katika jikoni na maduka yaliyotumia kipimo hicho kila siku.

Vyombo hivyo vimetoweka, lakini tabia imebaki. Nafasi yake imechukuliwa na makopo ya viwandani. Debe lilikuja na mafuta ya taa na mafuta ya kupikia, likabaki sokoni kama kipimo cha nafaka. Sado ni kopo la rangi la lita nne, lililopewa jina kutokana na rangi ya Sadolin. Chini yake kuna fungu, ambalo halina kopo lolote. Ni rundo linalopangwa kwa jicho na kwa dhamiri ya muuzaji.

Ujazo una faida zake. Hauhitaji mizani, unaonekana na wote, na muuzaji asiyejua kusoma hawezi kupunjwa kwa tarakimu. Lakini una udhaifu mkubwa: kopo halisemi uongo, anayelijaza ndiye anayeweza kusema. Viazi vikubwa huacha mapengo katikati, vidogo hujaza. Sado inaweza kuuzwa kwa kilele au bila kilele. Kitako cha kopo kinaweza kubonyezwa kuelekea ndani, na mnunuzi aliyetazama mdomo wa kopo tu asigundue.

Siku hiyo nilinunua viazi sado mbili kwa wauzaji wawili tofauti, kwa bei ile ile. Nilipozipima nyumbani kwa mizani ya jikoni, sado ya pili ilipungua nusu kilo. Sikumbuki kuona tofauti yoyote nilipokuwa sokoni. Muuzaji wa pili alikuwa mchangamfu zaidi na aliniongezea viazi viwili vya nyongeza juu, nami nikamshukuru kwa moyo wote.

Lumbesa: hesabu isiyoonekana

Kinachompata mlaji kwa sado humpata mkulima kwa gunia, tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Pembeni mwa soko, vijana wa kubeba mizigo walikuwa wakipakia magunia ya viazi kwenye lori. Magunia hayo hayakuishia mdomoni. Juu ya kila moja kilikuwa kimeshonwa kichwa cha kamba na mfuko wa ziada uliojaa viazi, mithili ya kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima amevuna debe 48. Gunia la kawaida linachukua debe 6, na mnunuzi anatoa Sh60,000 kwa gunia. Kwa kipimo hicho, mkulima angekuwa na magunia manane na angepata Sh480,000. Sasa mnunuzi anataka lumbesa ya debe 8, kwa bei ile ile ya gunia. Mavuno yale yale yanakuwa magunia sita, na malipo yanakuwa Sh360,000. Mkulima amepoteza Sh120,000 bila bei kushuka hata senti moja. Akiulizwa na jirani aliuza kwa shilingi ngapi, atajibu kwa uaminifu kwamba aliuza kwa Sh60,000 kwa gunia, na wote wawili wataamini kwamba bei ilikuwa nzuri.

Hasara haiishii kwake. Vibarua wa kupakia, mara nyingi hulipwa kwa gunia, hubeba mzigo unaozidi kwa mbali kilo 100 kwa ujira wa gunia moja, na migongo yao ndiyo inayolipia. Panapotozwa ushuru kwa kuhesabu magunia, halmashauri nayo hukosa sehemu ya mapato. Mlaji naye hafaidiki, kwa sababu mchuuzi akifika mjini huifungua lumbesa na kuiuza kwa sado na kwa fungu. Zile debe mbili za ziada hazifiki jikoni kama punguzo. Hubaki njiani kama faida.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ndiyo inayosimamia mizani na vipimo vinavyotumika katika biashara, na tangu mwaka 2002 kazi hiyo imekuwa chini ya Wakala wa Vipimo. Mazao ya shambani yanatakiwa kuuzwa kwa uzito, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Nchini Kenya, ambako wakulima wa viazi wamelalamikia tatizo hilo hilo kwa miaka mingi, kanuni za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia la viazi.

Kwa nini basi lumbesa haifi? Sababu ya kwanza ni kwamba mauzo mengi hufanyika shambani, ambako hakuna mizani wala mkaguzi. Ya pili ni ushindani wa wakulima wenyewe: kijiji kikikataa lumbesa, gari huhamia kijiji cha jirani. Ya tatu ni ile ya yule mama wa ndizi. Mwenye ada ya kulipa Jumatatu hana nguvu ya kulirudisha gari tupu siku ya Jumamosi. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo wamekuwa wakihimiza vituo vya pamoja vya kukusanyia mazao vyenye mizani, ambapo mnunuzi hukutana na kundi badala ya mtu mmoja mmoja.

Nyanya na mdudu aliyetoka mbali

Hakuna bidhaa inayomchanganya mnunuzi wa mjini kama nyanya. Wiki hii sado ni ya bei ya kawaida, wiki mbili baadaye imepanda maradufu, kisha inashuka hadi nyanya zinaozea barabarani.

Sehemu ya sababu ni mvua. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, unyevu huleta ugonjwa wa bakajani, ambao unaweza kuteketeza shamba kwa siku chache. Wengi huogopa kulima msimu huo, na wachache wanaofanikiwa huuza ghali. Mvua zikikatika, kila mwenye maji hupanda kwa wakati mmoja, na miezi mitatu baadaye wote huvuna kwa wakati mmoja.

Mwaka 2014 liliongezeka tatizo jingine. Kipepeo mdogo wa usiku aliyetokea Amerika ya Kusini, ambaye kitaalamu huitwa Tuta absoluta, aligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza katika wilaya hii hii ya Arumeru. Viwavi vyake hutoboa majani na kuingia ndani ya tunda. Wakulima walimpa jina la Kantangaze, na jina hilo limeenea nchi nzima. Dawa nyingi za kawaida hazimwezi, na mkulima hulazimika kupiga dawa mara nyingi zaidi. Gharama hiyo huingia katika bei, na ni sababu nzuri ya kuosha nyanya kwa maji mengi kabla ya kuzila mbichi.

Ufungaji nao una sehemu yake. Nyanya zinazosafirishwa kwenye matenga makubwa yaliyojazwa kupita kiasi hupondeka zile za chini. Mchuuzi hufidia zilizopondeka kwa kuongeza bei ya zile nzima. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu hupotea au kutupwa. Tenga linalovuja maji mekundu nyuma ya lori ni sehemu ya hesabu hiyo.

Mboga zilizorudi mezani

Upande wa mboga za majani ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi. Kulikuwa na mchicha, figiri, mnafu, majani ya maboga, na ngogwe nyeupe zinazong'aa, ambazo kwingine huitwa nyanya chungu.

Si ajabu kuzikuta hapa. Tengeru ni makao ya utafiti wa mboga na matunda. Mwaka 1992, Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao makuu Taiwan, kilifungua ofisi yake ya kanda ya Afrika mjini Arusha, na kwa miaka mingi kimekusanya na kuboresha mbegu za mboga za asili za Kiafrika. Aina ya ngogwe iitwayo Tengeru White imetokana na kazi hiyo, na nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa mwaka 1997, zilienea kwa wakulima wengi.

Mboga hizi ziliwahi kuonekana mjini kama chakula cha wasio na uwezo, huku kabichi ikipewa heshima. Sasa zinagombaniwa. Mnafu una uchungu kidogo, lakini una madini ya chuma na vitamini kuliko kabichi, na kwa mkulima una faida nyingine: huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, hivyo humpa fedha ndogo za mara kwa mara badala ya mavuno makubwa ya siku moja.

Maharage nayo yana historia mfukoni. Majina kama Lyamungo 90 na Selian 97 yanataja kituo cha utafiti na mwaka ambao mbegu ilitolewa. Lakini kwa mpishi, umri wa maharage yenyewe ni muhimu zaidi. Yaliyokaa muda mrefu hupauka, hukunjamana, na hula mkaa au gesi kwa saa nyingi. Maharage ya bei nafuu yasiyoiva si nafuu.

Namna ya kununua kwa akili

Kwa msomaji wa mjini anayetaka kujaribu safari ya namna hii, mambo machache yatamsaidia.

Kwanza, zunguka soko lote mara moja bila kununua. Dakika 20 za kuuliza bei zina thamani kuliko saa nzima ya kubishana na mtu mmoja.

Pili, tazama kitako cha kopo kabla halijajazwa, na uliza kama bei ni ya kilele. Ni swali la kawaida, na muuzaji mwaminifu hachukizwi nalo.

Tatu, penye mizani, nunua kwa kilo. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo angalau mara moja kwa mwaka na kuwa na alama ya uhakiki huo. Kabla ya kupima, mshale uwe kwenye sifuri.

Nne, vitu vizito na visivyoharibika, kama viazi, maharage na vitunguu, nunua kwa kushirikiana na majirani wawili au watatu. Debe moja lililogawanywa lina nafuu kuliko sado tatu, na nauli hugawanyika pia.

Tano, nenda na kikapu. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na mfuko mbadala unaonunuliwa kila mara ni gharama nyingine.

Mwisho, patana bei kwa kiasi. Kupunguziwa ni haki ya mnunuzi na ni sehemu ya mazungumzo ya soko. Lakini anayemshusha mkulima hadi chini ya nauli yake ajue kwamba wiki ijayo mkulima huyo anaweza asije, na mboga zile zile zitamfikia kupitia mikono mitatu.

Saa 5:30 nilikuwa nimerudi kituoni, kikapu kimejaa na Sh4,500 zimebaki. Majirani walisema kweli: chakula kile kilitutosha hadi Ijumaa. Kabla ya kupanda daladala nilipita tena kwa mama wa ndizi. Alikuwa amebakiza mkungu mmoja, ule wenye pembe kali. Mnunuzi mmoja alikuwa ameuinua, akiugeuzageuza na kutaja bei ambayo hata mimi, mgeni wa asubuhi moja, niliijua kuwa ndogo. Mama alitazama barabarani, akatazama jua, kisha akapokea fedha.